Abiria Waliomo Ndani ya Kidonge

Watu hustaafu wakiwa na mvi. Mimi natoka kaunta ya duka la dawa nikiwa na miaka ishirini na tisa, na mama yangu alipopata habari alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Unastaafu na meno yote kinywani?"

Nikamwambia si kustaafu, ni kuhama. Jumatatu naanza kazi ya ofisini, ya kusoma kutwa nzima orodha za vitu vinavyotiwa ndani ya dawa. Akasema hiyo ni kazi niliyozaliwa nayo, kwani hata mkate nilikuwa nausoma kabla ya kuula.

Mama Speciose, aliyenifundisha kazi, alikuwa na sheria moja: anayeondoka aandike. Ndiyo maana kwenye kabati la chumba cha kahawa kuna daftari la kijani. Wengi wameandika nusu ukurasa kwa Kiswidi, namna ya kufungua droo yake ya tatu inayokwama, basi. Mimi naandika kwa Kiswahili kwa ajili yenu wadogo zangu, mnaoitwa kutoka chumba cha nyuma kila mteja anapoanza kusema "samahani, dada". Ukurasa huu nimeuanza mara sita. Hii ni ya saba, na sitauchana.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Januari. Treni ilinitoa Märsta kukiwa bado giza, na theluji iliyokuwa ikianguka nje ya dirisha ilinifanya nione kwamba tumesimama na dunia ndiyo inayopanda juu polepole. Nilishuka Upplands Väsby nikiwa nimeshafanya mazoezi ya kusema "hej", salamu yao, kwa sauti tatu tofauti. Duka la dawa liko hatua mia mbili kutoka kituoni. Ndani kulikuwa kweupe: kuta nyeupe, makoti meupe, na nyuma ya kaunta droo nyeupe ndefu zinazoteleza bila kelele. Hata leo naziota. Katika ndoto zangu droo hazina mwisho. Navuta, navuta, nayo inaendelea kutoka mpaka inapita mlangoni na kuifuata reli kuelekea uwanja wa ndege, imejaa visanduku, na kila kisanduku kina mtu anayesubiri.

Mteja wangu wa kwanza alinunua plasta. Nilimfikiria siku tatu. Je, nilimwuliza kama kidonda ni kirefu? Sikumwuliza.

Mama Speciose alinitazama juma zima. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Bujumbura, mwenye koti lililopigwa pasi hata mifukoni, na shingoni alining'iniza lenzi ya kukuzia maandishi, ya duara, yenye mpini wa pembe. Ijumaa aliniita chumba cha nyuma, akafungua kisanduku cha vidonge vya presha na kutandaza mezani ile karatasi nyembamba ya maelezo.

"Soma."

Nikasoma jina la dawa, nguvu yake na kazi yake.

"Huyo ni dereva," akasema. "Dereva kila mtu anamjua. Abiria je?"

Akaweka lenzi juu ya mistari ya mwisho. Hapo nikaona majina madogo madogo yaliyobanana: sukari ya maziwa, wanga wa ngano, jelatini ya nguruwe, rangi, nta. Chuoni tuliviita visaidizi. Tulivisoma kwa wiki mbili, tukafanya mtihani, tukasahau. Kazi yao ni kukishika kidonge kisimeng'enyeke, au kukipa ukubwa wa kuonekana, maana dawa yenyewe mara nyingi ni chembe tu.

"Kuna sindano zinazosafiri na ufuta," Mama Speciose aliendelea. "Kuna unga wa kuvuta wa pumu unaobeba chembe za maziwa. Kuna vidonge laini, vile vinavyong'aa kama shanga, ndani yake soya au mafuta ya karanga. Watu wengi hawadhuriki. Wewe hukuwekwa hapa kwa ajili ya watu wengi, wewe umewekwa kwa yule mmoja."

Mtu mwenye wasiwasi kama mimi hapaswi kuambiwa maneno hayo Ijumaa. Sikulala vizuri mpaka Jumatatu.

Miaka ile ya mwanzo niliipenda kuliko nilivyokubali. Asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, tulikuwa tukipanga dawa kwenye droo, Mama Speciose akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya puani, na mwanga wa buluu wa majira ya baridi ukiingia dirishani kama maji. Mnajua kwamba katika nchi hii, dawa yenye kampuni kadhaa zinazoitengeneza, mteja hupewa ile iliyo nafuu mwezi huo. Kwa hiyo kila mwezi dereva hubaki yule yule na abiria hubadilika. Wateja wetu hawakuona tofauti, isipokuwa Mzee Sulaiman, Mganda mmoja wa makamo anayekuja Ijumaa akitoka msikitini. Yeye kila mwezi aliuliza, "Jelatini ya mwezi huu ni mnyama gani?" Nilikuwa napiga simu hadi kiwandani ili nimjibu. Foleni ilikuwa ndefu, wateja wakipumua kwa sauti, naye Mzee akisubiri ameegemea kaunta kwa utulivu wa mtu aliyeketi sebuleni kwake. Nawashauri mpendeni mteja wa namna hiyo. Anafanya nusu ya kazi yenu.

Mama Speciose alistaafu mwaka wangu wa tatu, kustaafu kwa kweli. Siku ya mwisho alivua lenzi, akanivisha mimi shingoni, akasema, "Sasa wasiwasi wako uwe na macho." Nikaahidi. Miezi minane baadaye nikafanya kosa ambalo ndilo hasa nililokaa kuliandika.

Aliyehusika ameniruhusu. Jina nimelibadilisha, na jipya kalichagua mwenyewe: Harriet. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Jinja, ameolewa na Mrundi, wanaishi na mama mkwe.

Ilikuwa Ijumaa ya Februari, saa tisa alasiri, foleni imefika mlangoni. Wiki ile wenzangu walikuwa wamenitania kwamba nikihudumia mtu mmoja, wa pili anazeeka. Nilicheka nao, kisha nikaamua kimoyomoyo kuwa leo nitakuwa mwepesi. Harriet alifika akanisalimu kwa Kiswahili, sauti ya chini, akatazama nyuma yake mara mbili. Daktari wa kliniki alikuwa amemwandikia homoni ya kusaidia mimba changa ishike. Ile tuliyozoea ilikuwa imekosekana, na tulikuwa tumeletewa visanduku kutoka nchi nyingine, vimebandikwa lebo ya Kiswidi juu ya maandishi yasiyo ya Kiswidi. Ndani mlikuwa na vidonge laini vinavyong'aa.

Nikamwuliza swali letu la kila siku. "Una mzio wa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Vizuri. Kimoja kila jioni."

Alipokipokea kisanduku alikifungua palepale, akatoa karatasi za vidonge, akanirudishia kisanduku na maelezo yake. "Hiki nitupie wewe, dada. Nyumbani kwangu kuna mtu anasoma hata risiti."

Nilielewa. Wengi wetu tunatoa dawa kwenye visanduku, wengine ili sanduku la safari lisijae wanapokwenda kwao, wengine ili siri isijae nyumba. Nikaona nimetenda ubinadamu. Nikalitia boksi kwenye pipa la karatasi na kubonyeza namba inayofuata. Lenzi ilikuwa kifuani pangu muda wote.

Jumapili kulikuwa na ubatizo, na sherehe ilifanyika katika ukumbi mdogo Rinkeby. Mnazijua sherehe hizo: makoti marundo mawili juu ya viti, viatu vya theluji vimetengeneza ziwa mlangoni, na harufu ya chakula inakupokea kabla ya mwenyeji. Nilikaa meza moja na Harriet bila kupanga. Tulisalimiana kama watu waliokutana mara ya kwanza, maana ndivyo kazi yetu ilivyo. Upande wake wa kulia alikaa mama mkwe wake, Mama Leokadia, mpishi mkuu wa siku, kitambaa cha kichwa kimefungwa juu kama taji.

"Harriet, mbona sombe inakutazama tu?" akasema, akionyesha kisamvu kwenye sahani. "Nimeipika mimi, na karanga nimezisaga kwa mkono."

"Nimeshiba, Mama. Nilikula kabla ya kanisa."

"Kila Jumapili umekula kabla ya kanisa! Na mimi ndiye ninayekaa jikoni. Unakulia wapi, bafuni?"

Meza ikacheka. Shangazi mmoja akadakia, "Mganda asiyekula karanga! Huyu walimkosea pasipoti."

Harriet naye alicheka. Lakini mkono wake ulikuwa ukifanya kazi nyingine: kwa ncha ya uma aliusogeza mchuzi mbali na wali, taratibu, punje kwa punje, jinsi mtu anavyosogeza kipande cha chupa mtoto asikikanyage. Halafu akaupangusa uma kwa karatasi, na karatasi akaikunja mara nne.

Kelele za ukumbi zikawa kama zinatoka chini ya maji. Niliiona droo nyeupe ikifunguka peke yake. Vidonge laini vinavyong'aa. Ndani yake soya, au mafuta ya karanga.

Sasa akili yangu ikaanza safari zake. Huenda ana kichefuchefu tu, ndivyo mimba changa zilivyo. Huenda hapendi sombe ya mama mkwe, na hilo nalo si ugonjwa. Huenda vidonge vile havina karanga, boksi nimelitupa, sina uhakika. Nikimwita kando, watu watauliza. Nikimwuliza mezani, nimeianika siri yake mbele ya mama mkwe, na leseni yangu nayo imekwenda. Nisipouliza, na leo jioni akameza... Hapo kwa mara ya kwanza maishani wazo langu halikuwa na upande wa pili. Nikasimama.

"Dada Harriet, nisaidie kubeba soda."

Mama Leokadia akanitazama. "Soda zimejaa hapa mezani."

"Za watoto."

"Watoto wana zao."

"Za... baridi."

"Nje kuna theluji, mwanangu. Baridi iko bure."

Harriet alikuwa ameshainuka. Nadhani aliyaona macho yangu.

Jikoni tulimkuta msichana wa miaka sita akila keki peke yake. Tukamwomba atupishe. "Varför då?" akauliza, yaani kwa nini, kisha akaona hapati jibu, akaondoka na sahani nzima.

"Karanga zinakufanya nini?" nikauliza.

Alitazama mlango. "Nani kakwambia?"

"Sahani yako."

Akashusha pumzi. "Zinanifunga koo. Nikiwa na miaka minane nilibebwa hospitali, midomo imevimba kama si yangu. Sasa wewe nenda kamwambie mama mkwe anayesaga kwa mkono kwamba chakula chake kinakuua. Mwaka wa tano huu nakula kabla ya kanisa."

"Lakini Ijumaa nilikuuliza kuhusu mzio."

"Uliniuliza mzio wa dawa, Aline. Karanga si dawa."

Sentensi hiyo ninaisikia hata nikiwa napiga mswaki.

"Umeshameza hata kimoja?"

"Daktari alisema nianze leo, baada ya chakula cha jioni." Akafungua mkoba, akatoa kasha la miwani ya jua, na ndani yake zile karatasi za vidonge. Vyote vilikuwepo. Niliweka lenzi juu ya karatasi ya nyuma, lakini hapo palikuwa na jina tu na namba. Nikatafuta maelezo kwenye simu, kwa lugha ile ya kigeni, nikayapata, nikayatafsiri mstari kwa mstari. Abiria wa pili: mafuta ya karanga. Na chini yake kwa herufi nzito, asitumie mwenye mzio wa karanga au soya.

"Basi nimepona," Harriet akasema.

"Bado. Hivi usivimeze, lakini pia usikae bila dawa. Daktari hakukuandikia bure."

Akaegemea friji. Uso wake ulikuwa umetulia, na utulivu ule ndio ulionitisha. "Hii ni ya nne," akasema. "Tatu zilitoka. Mama hajui hata moja."

Nilimpigia Mama Speciose kwanza, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kufanya jambo la pili. Sikutaja jina. Nilieleza kosa langu lote kwa pumzi moja. Alisikiliza, akauliza, "Amemeza?" Nikasema hapana. "Basi lia baadaye. Piga simu kliniki, mwenye zamu yupo hata Jumapili. Waambie abiria, dereva wanamjua."

Dakika ishirini za muziki wa kusubiri, ambao najua utapigwa siku yangu ya hukumu. Kisha muuguzi, kisha daktari akatupigia mwenyewe: atabadilisha, ataandika vidonge vikavu vya aina nyingine, visivyo na mafuta. Duka la dawa la katikati ya jiji lilikuwa navyo na lilifungwa saa kumi na mbili. Ilikuwa saa kumi na nusu.

Mlangoni tulimkuta Mama Leokadia, mwiko mkononi. "Mnakwenda wapi na baridi hii, na keki haijakatwa?"

Nilifungua kinywa nidanganye. Harriet akanishika mkono.

"Mama, karanga zinanidhuru. Tangu utoto. Aline ni mtu wa dawa, ananisindikiza kuchukua dawa."

Mwiko ulishuka polepole. "Tangu utoto? Na mimi miaka yote hii nakupakulia?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukipakua, Mama."

Mama Leokadia aliondoka mlangoni, akachukua skafu yake mwenyewe kutoka kwenye rundo la makoti, akamzungushia Harriet shingoni mara mbili, akaifunga kwa nguvu ya mtu aliyeikasirikia nafsi yake.

Treni ya buluu ilitubeba kupitia miamba. Stesheni za njia ile zimechimbwa ndani ya jiwe, na ukiwa umechoka unaona kama unapita ndani ya mwili wa mnyama mkubwa aliyelala, taa moja, giza, taa moja. Harriet alikuwa ameweka viganja tumboni chini ya koti, si kwa kushika, kwa kufunika tu. Nilihesabu vituo, nikahesabu tena, nikaogopa kwamba nimehesabu vibaya. Jijini, mfamasia wa zamu alinitazama nikiomba karatasi ya maelezo kabla ya kulipa, nikaisoma yote kwa lenzi, pale pale, mpaka mstari wa chini kabisa. Sukari ya maziwa. Wanga wa mahindi. Rangi. Hakuna karanga, hakuna soya. Nikasoma tena. Harriet alimeza cha kwanza kwenye benchi la stesheni, kwa maji ya chupa, watu wakipita na mifuko yao kama samaki. Tukakaa hapo nusu saa zaidi. Mimi ndiye niliyetaka tukae. Kila baada ya dakika tano nilimwuliza koo linasemaje, na mara ya sita akanijibu, "Koo linasema ukae kimya."

Jumatatu nilimweleza msimamizi wetu na kuandika ripoti ya kosa, kurasa mbili ambapo nusu ingetosha. Hakuna aliyenipigia kelele. Nilikuwa nimejipigia za kutosha. Siku ile ile nikabadilisha swali. Siulizi tena mzio wa dawa peke yake. Nauliza, "Ukialikwa kwa watu, ni chakula gani hukigusi?" Wateja Waswidi hushangaa kidogo, kisha wanajibu kwa kirefu. Wateja wetu hutazama pembeni, wanacheka, kisha ukweli unatoka: mayai, maziwa, samaki, ufuta. Vitu walivyovificha chini ya wali kwa miaka, kwa adabu tu. Swali hili si la kitabuni. Lichukueni.

Kuhusu Harriet sikujua zaidi. Haturuhusiwi kufuatilia watu kwa udadisi, na mimi sikumwuliza mtu. Majira ya baridi yakaisha. Nilisikia tu kwamba kwenye sherehe za Rinkeby sasa kuna sufuria mbili za sombe, na kwamba Mama Leokadia husimama kati yao na mwiko, akimhoji kila mgeni kama afisa wa mpakani. Machipuo yakaja, kisha kiangazi, zile jioni ambazo mwanga hautaki kwenda nyumbani. Kila mara mlango ulipofunguka niliinua macho. Nilitengeneza kichwani miisho kumi na miwili, na mingi ilikuwa mibaya.

Aliingia mwezi wa Oktoba, peke yake, amenenepa usoni, ana usingizi machoni. Alichukua namba kama mtu yeyote. Alipofika kaunta aliweka mbele yangu kichupa kutoka rafu ya watoto wachanga, yale matone ya vitamini D ambayo kila mtoto wa nchi hii hupewa kwa kuwa jua huku ni haba.

"Tulichopewa kliniki kimevunjika," akasema. "Mama alikiangusha. Analia huko nyumbani kuliko mtoto."

Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Ukialikwa kwa watu..."

"Nyamaza, Aline," akasema, akicheka. Akakigeuza kichupa upande wa nyuma, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakunja macho. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

Nikaivua lenzi shingoni, nikampa. Nyuma yake kulikuwa na watu saba. Alisoma abiria mmoja baada ya mwingine, midomo ikitikisika, mpaka mstari wa chini kabisa. Kisha akarudi juu, akasoma tena.

Lenzi iko droo ya tatu, ile inayokwama. Inueni kidogo kabla ya kuvuta.